Kisiki Hai: usharika kurudisha miti bila kununua miche

Siku ya kupanda miti kanisani hupendeza kwenye picha. Miche inafukiwa baada ya ibada, wageni wanaondoka, kiangazi kinaingia na hakuna wa kumwagilia. Kwa maeneo makavu kama Dodoma na Singida, ushauri wetu ni huu: kabla ya kununua mche, hesabuni visiki vilivyo hai kwenye mashamba ya waumini.

Kisiki kinachochipua kina mizizi iliyokwisha kufika kwenye unyevu, tena ina akiba ya chakula, kwa hiyo chipukizi lake hukua haraka kuliko mche wa kitalu. Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo na mmisionari kutoka Australia, alilitambua hilo nchini Niger mwaka 1983, baada ya miche mingi aliyopanda kufa. Vichaka alivyokuwa akivipita vilikuwa miti iliyokatwa. Njia hiyo ya kuchagua machipukizi ya kisiki na kuyapogoa imeenea Niger kwenye hekta zinazokadiriwa kufikia milioni 5, na Tanzania inajulikana kwa jina la Kisiki Hai.

Mhubiri hatapata shida ya andiko. Ayubu 14:7 inasema mti uliokatwa una tumaini la kuchipua, na Mwanzo 2:15 inaweka kulima na kutunza katika agizo moja. Anayesoma "mkaijaze nchi, na kuitiisha" ya Mwanzo 1:28 na kufunga kitabu hapo ameacha nusu ya kazi.

Anzeni kiangazi, wakati wa kusafisha mashamba. Vijana wa kipaimara wazunguke na daftari: aina ya mti, idadi ya machipukizi, mwenye shamba. Kisiki kisicho na chipukizi kikwaruzwe gome kwa ukucha. Rangi ya kijani chini yake ni dalili ya uhai. Miti ya asili kama mgunga, mkwaju na mkole inafaa. Mathenge (Prosopis), mti vamizi wa kigeni, msiitunze kwa njia hii. Inajieneza yenyewe kuliko mnavyotaka.

Kwa shamba la mahindi au mtama, kadirio zuri la kuanzia ni miti 40 kwa ekari, yaani mita 10 hivi kati ya mti na mti. Ikizidi sana, kivuli kitaleta ugomvi na mwenye shamba, naye ndiye mtunzaji.

Katika kila kisiki acheni machipukizi 3 hadi 5, marefu, yaliyonyooka na yenye afya, yaliyoshika vizuri kwenye kisiki. Mengine yakateni karibu na kisiki. Kisha pogoeni matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wakiona shina safi linapendeza, wanapogoa mpaka juu kabisa. Mti unabaki na majani machache ya kujilisha, kilele kinakuwa kizito na upepo unaukunja. Panga liwe kali, na pigo litoke chini kwenda juu. Ukikata kutoka juu, tawi huanguka na kuchuna gome, na jeraha hilo ni mlango wa wadudu na kuoza. Msiache vigutu virefu, kwa kuwa vitachipua upya.

Msiache shina moja tu mwaka wa kwanza. Mbuzi mmoja anatosha kulimaliza.

Fungeni kitambaa cha rangi kwenye kila mti uliochaguliwa. Kitambaa humwambia mchungaji wa mifugo na mkata kuni kwamba mti una mwenyewe. Kifungeni kwa kulegea kisikabe shina. Matawi yenye miiba yazungushwe kando ya kisiki, na majani yabaki chini kama matandazo. Lakini kitambaa hakiwazuii watu wasioshirikishwa: nendeni mapema serikali ya kijiji, mkubaliane kuhusu mifugo na moto, na msiwasahau majirani wasio wa kanisa lenu.

Rudini kila baada ya miezi 3 au 4 kuondoa machipukizi mapya. Pimeni urefu wa miti ileile kila mara, na acheni kipande cha shamba bila kupogoa ili muwe na cha kulinganisha.

Jambo moja la kusema wazi madhabahuni: msiahidi kwamba miti hii italeta mvua mwakani. Kinachoonekana shambani ni kwamba kivuli hupunguza joto la udongo, majani yaliyooza huusaidia kushika maji, na upepo hupungua nguvu. Ombeni mvua kama kawaida. Ila mwaka wa ukame msimpe mtu sababu ya kung'oa miti kwa hasira.

Mashina yakifikia unene wa kifundo cha mkono, vuneni moja kwa mwaka kwa kuni au fito, huku chipukizi jipya likiachwa kushika nafasi yake. Shina bora kuliko yote libaki kuwa mti.