Namna ya kusoma shairi la kisiasa la karne ya 20: mfano wa "Mamba"

Anayetaka kuelewa jinsi ushairi na siasa vilivyoshikana katika Kiswahili cha karne iliyopita na aanze na Sauti ya Dhiki, diwani ya Abdilatif Abdalla, achague humo shairi fupi liitwalo "Mamba".

Kwanza, jua lilikotungwa. Mshairi huyu wa Mombasa alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1968 kwa ajili ya waraka, Kenya: Twendapi?, uliohoji mwenendo wa serikali ya Jomo Kenyatta. Alifungwa miaka mitatu, na huko gerezani alitunga mashairi yake kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Diwani ilichapishwa mwaka 1973. Zingatia kwamba kilichompeleka kifungoni kilikuwa nathari iliyosema waziwazi. Kifungoni ndiko alikorejea kwenye fumbo, silaha ambayo washairi wa Mvita, yaani Mombasa, waliizoea tangu enzi za Muyaka, mshairi wao mkongwe wa karne ya 19.

Pili, kabla ya kutafuta maana, lisome kwa sauti, ikiwezekana mara tatu, huku ukihesabu mizani. Kila ubeti una mishororo mitatu, na kila mshororo una kipande kifupi cha mizani 4 kinachofuatwa na kirefu cha mizani 8. Wasomaji wengi huruka hatua hii wakidhani umbo ni pambo tu, nami naona hapo ndipo wanapolipoteza shairi. Kile kipande kifupi hugonga kama amri au onyo, kisha kirefu hueleza. Na kwa kuwa vina vyake vinashikika upesi kichwani, shairi linaweza kutoka mdomo hadi mdomo hata pasipo karatasi.

Tatu, heshimu lahaja. Ukikutana na "metakabari" au "yuwaamba", usidhani ni makosa ya chapa: Kimvita, lahaja ya Mombasa, husema hivyo pale ambapo Kiswahili sanifu kingesema "ametakabari" na "anasema". Tafuta maana kwa mzee wa pwani au katika kamusi, wala usikisie.

Nne, fumbua kwa subira. Katika ubeti wa kwanza mshairi mwenyewe anatangaza kwamba analifumba shairi ili wanaoweza walifumbue. Kisha anamleta mamba wa mtoni anayejigamba kwamba ataishi milele, na kumkumbusha kwamba siku yake itafika. Usikimbilie kuandika jina la mtawala fulani pambizoni. Jiulize kwanza mto ni nini, na nani huuhitaji kila siku. Jiulize pia kwa nini anayeonywa ni mwenye nguvu, ilhali anayeonya ni mfungwa. Ukimfunga mamba kwa jina moja, unalipunguza shairi linalomhusu kila mwenye takaburi, yaani kiburi.

Mwisho, liweke kando ya ushairi uliosimama upande wa dola. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, washairi walitumia ngonjera, mashairi ya majibizano, kueneza siasa ya Ujamaa, na Mathias Mnyampala ndiye aliyevuma zaidi katika fani hiyo. Katika ngonjera za namna hiyo mbishi huelimishwa hadi akakubali. Rudi sasa kwenye diwani ya Abdilatif usome "Mnazi: Vuta N'kuvute", majibizano ya ndugu wawili wanaogombea mnazi, ukiangalia kila upande umepewa hoja zenye uzito gani.