Jinsi ya kutengeneza biti kama za Burial bila gridi

Kama hujawahi kusikiliza Untrue ya Burial, produsa wa muziki wa elektroniki wa London, anzia hapo, weka hedfoni, zima taa, isikilize mwanzo mwisho kabla hujagusa programu yoyote. Ni albamu yake ya pili, ilitoka Novemba 2007 kupitia Hyperdub, lebo ya produsa Kode9 pale London, na 2008 ikaingia kwenye kuwania Mercury Prize, tuzo ya albamu bora ya Uingereza na Ireland. Mpaka leo sijapata albamu ya elektroniki inayonishika moyo kama hii.

Sasa huyu jamaa aliitengeneza kwa Sound Forge, programu ya kuhariri sauti tu, hakutumia sikwensa (programu inayopanga midundo kwenye gridi, yaani mistari ya muda iliyo sawa), alikuwa anapanga ngoma moja moja kwa macho anaangalia mawimbi kwenye skrini mpaka yakae kama mfupa wa samaki, hapo ndo anajua dramu zimekubali. Kwa hiyo usisubiri studio, Audacity ni ya bure na inatosha kabisa.

Kila sauti ipe treki yake. Tempo tuseme mapigo 135 kwa dakika, yaani pigo moja ni kama sekunde 0.444. Kiki (ngoma nzito ya chini) ya kwanza iweke sekunde 0, snea (ngoma kali ya juu) 0.444, kiki ya pili USIIWEKE 0.889 pale kila mtu angeiweka, iruke mpaka 1.111, halafu snea nyingine 1.333, na ba (mzunguko wa mapigo manne) inaisha 1.778. Huo ndo mruko wa gareji ya Uingereza (UK garage, muziki wa dansi), mguu unataka kushuka na kiki bado haijafika. Ukishapata ba nne zuum ndani uanze kusogeza kwa mkono, snea ichelewe milisekunde 15, hihati (sahani ndogo za dramu) moja iwahi 10 nyingine ichelewe 20, na ba zisifanane. Usivuke 30 lakini, ukivuka inasikika kama umekosea.

Sauti zenyewe tafuta popote. Burial alichukua mpaka mlio wa maganda ya risasi yakidondoka kwenye gemu ya Metal Gear Solid. Rekodi funguo, kiberiti cha gesi, mfuniko wa sufuria. Mimi nilirekodi mvua kwenye bati kwa simu, nikaishusha mpaka ikawa kama inanyesha mtaa wa pili, nikaiacha ipite chini ya wimbo mzima, maana kabla ya hapo biti ilikuwa kavu mno.

Vokali ndo roho ya kazi yote na hapa usiwe na haraka. Yeye anakata vipande vya waimbaji wa R&B anavibadilisha pichi mpaka hujui kama ni mwanamke au mwanaume. Mwombe rafiki akuimbie sekunde 20, bila ala. Akiimba "nakusubiri" usiache neno zima, chukua "subiri" ipandishe semitoni (hatua ndogo za sauti) 4, ile "na" ishushe 3 na uirudishe mwishoni kama anaitikia mtu mwingine, tia rivabu (mwangwi) ya kutosha, halafu mkia wa rivabu ukate ghafla kabla haujaisha. Ule ukimya mdogo unaobaki pale unauma kweli.

Besi ni noti mbili tatu ndefu za sine (wimbi laini la sauti tupu), basi.

Ukimaliza usiongeze kitu siku hiyo hiyo. Hamishia kwenye simu, kesho usiku tembea nayo, na pale kichwa kitakapoacha kutikisika kumbuka ni sekunde ya ngapi, ukirudi ndo usogeze hapo.