Siki ya maji ya nazi, lita 4: somo na maswali

Nazi ikivunjwa ili ikunwe, maji yake aghalabu humwagwa uani. Yanatoa siki nzuri ya achari, ila hayatoshi peke yake: maji ya nazi iliyokomaa yana sukari kama asilimia 2 au 3 tu, na siki yake itakuwa dhaifu hata iote ukungu kabla haijakolea. Hesabu ni hii: gramu 17 za sukari katika lita huzaa takriban asilimia 1 ya kilevi, na kilevi hicho kikigeuka huzaa kama asilimia 1 ya ukali. Achari inataka 5. Kwa kuwa kingine hupotea njiani, kila lita tunaitia gramu 100 za sukari.

Vitu: maji ya nazi lita 4 (nazi 20 hivi), sukari gramu 400, hamira ya chenga kijiko 1 cha chai, na siki hai lita 1. Siki hai ni ile isiyochemshwa, yenye utando ndani, kama siki ya tembo la mnazi. Siki nyeupe ya dukani haina uhai, haianzishi kitu.

Maji yatumike siku ile ile, kwa joto letu hayalali. Yachuje, yachemshe pamoja na sukari dakika 10, uengue mafuta yanayoelea. Yaache yapoe mpaka ukitia kidole usihisi moto, ndipo utie hamira. Hamira ikikutana na maji ya moto inakufa, na hapo hakuna dawa ila kutia nyingine.

Mimina kwenye ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 10, funika bila kukaza. Siku 5 hadi 7 mapovu yatakwisha na mashapo yatatua chini. Nyonya maji ya juu kwa mrija wa mpira, mashapo yabaki.

Sasa kazi inageuka. Hamira haikuhitaji hewa. Vijidudu vya siki bila hewa havifanyi lolote. Tia siki hai, mimina kwenye chombo cha mdomo mpana, kina kisizidi shubiri moja, funika kwa kitambaa chepesi na ukaze kwa mpira, maana vinzi vidogo hupenya popote. Weka kivulini, usitikise. Sufuria la alumini usilitumie hapa, siki inalila. Kaskazi wiki 4 zinaweza kutosha. Kipupwe ngojea 6 au zaidi.

Kupima ukali, chemsha choya (rosela) kidogo upate maji mekundu. Tia vijiko 2 vya chakula vya siki yako kwenye glasi, na vijiko 2 vya siki ya dukani iliyoandikwa asilimia 5 kwenye glasi nyingine, kila moja na matone yale yale ya choya. Koroga kijiko 1 cha chakula cha bekingi soda katika glasi ya maji, kisha utie maji hayo katika kila glasi ya siki, kijiko kimoja kimoja cha chai ukihesabu, mpaka wekundu ugeuke zambarau. Ya dukani ikitaka vijiko 7 na yako 4, yako haijafika 3. Iache iendelee.

Ikifika, jaza chupa mpaka shingoni na ukaze kizibo. Ikibaki na hewa baada ya kilevi kwisha, vijidudu vile vile vitaanza kuila siki yenyewe.

Maswali

*Maalim, wiki ya tatu na bado inanuka tembo. (Wete)*
Hewa haitoshi, bibie. Ikiwa iko kwenye dumu la mdomo mwembamba, ihamishie kwenye bakuli pana, utando uushushe taratibu.

*Juu pana ngozi nyeupe. Nimwage?*
Ikiwa laini na ya kuteleza kama jeli, huo ni utando wa siki, uache. Ikiwa kavu yenye mikunjo, ni hamira ya mwituni: iengue, uongeze siki hai. Yenye manyoya, ya kijani au nyeusi, mwaga yote na uoshe chombo kwa maji ya moto.

*Inanuka kama rangi ya kucha.*
Kilevi na siki vimekutana. Mara nyingi huondoka katika wiki 2 ikipata hewa.

*Dafu je?*
Linafaa, lakini kulinywa dafu ni bora kuliko kuligeuza siki.

*Na uhalali wake, kaka?*
Wanachuoni wa Shafii hutofautisha siki iliyogeuka yenyewe na iliyotiwa kitu. Hapa tumetia siki baada ya kilevi kupatikana, kwa hiyo muulize shekhe wako kabla hujaanza, na umweleze hatua zote, usimwambie tu ni siki.