Somo: Kufufua giaboksi iliyochoka ya Norton Commando, kuanzia kwenye beringi isiyosamehe

Giaboksi hii ya gia nne ya Norton Commando, pikipiki ya Kiingereza, ilibuniwa miaka ya 1950, kwa injini zenye nguvu ndogo kuliko za Commando. Commando ikaja na cc 750, na mwaka 1973 ikafikishwa cc 828 (wenyewe waliiita 850), lakini muundo wa giaboksi ukabaki karibu uleule. Mzigo huo wote unaishia kwenye beringi ndogo ya shafti ya chini (shafti ziko mbili, ya juu na ya chini), upande wa sproketi, yaani gurudumu la meno linalovuta cheni ya nyuma. Keji yake (pete inayotenganisha gololi) ikikatika, gololi hurundikana upande mmoja, shafti inainama, gia zinabanana na gurudumu la nyuma linaweza kufunga ukiwa mwendoni. Kwa hiyo hata ukifungua kwa ajili ya kubadilisha sili tu, beringi hiyo itoke. Bushi (kibomba cha shaba ambamo shafti huzunguka) iliyolegea kidogo inavumilika, beringi hii haivumiliki.

Jua kabla hujafungua

Kila shafti ina gia moja inayoteleza: ya juu ina gia ya tatu, ya chini ina gia ya pili. Gia inayoruka inakuambia ukague wapi. Ya pili ikiruka, tazama makucha (yale meno manene ya ubavuni) kati ya gia ya tatu na ya pili za shafti ya juu. Ya tatu ikiruka, ni pili na tatu za shafti ya chini. Ya nne, ni gia ya tatu ya juu na gia ya bomba inayobeba sproketi. Kucha lililoviringika kona halinolewi. Badilisha gia zote mbili zinazokutana, kwa sababu jipya likikutana na la zamani litaliwa haraka.

Kufungua

1. Mwaga oili na uichuje kwenye kitambaa cheupe. Vumbi laini la shaba ni la bushi, tegemea kulikuta. Vipande vya chuma vinavyong'aa ni beringi au meno.

2. Toa kava ya nje (skrubu tano), kisha nati pete inayoshika mkono wa klachi, maana mkono huo unafunika nati ya shafti ya juu. Weka gia ya nne, mtu akanyage breki ya nyuma, kisha legeza nati ya shafti ya juu. Ukisahau hatua hii ukatoa cheni kwanza, hutakuwa na cha kuzuia shafti isizunguke.

3. Upande wa klachi, springi ya sahani hutolewa kwa kifaa chake maalumu chenye bolti ya katikati. Usiibandue kwa bisibisi. Imebanwa kwa nguvu nyingi na ikifyatuka inavunja vidole. Legeza nati ya kitovu kwa breki ileile, kisha hifadhi washa nyembamba zilizo nyuma ya kitovu, maana ndizo zinazoweka cheni ya kwanza (ya kutoka injini kwenda klachi) kwenye mstari.

4. Nati ya sproketi ina hesi za kinyume. Ondoa kwanza kibati cha kuifungia, halafu zungusha kama mshale wa saa unavyokwenda. Spana yake ni inchi 1½. Wengi wamevunja spana wakivuta upande usio wake.

5. Toa nati saba za kava ya ndani. Gonga kava kwa nyundo ya plastiki. Fungua pini ya foki (uma zinazosukuma gia zinazoteleza), ambayo imefungwa kwa hesi kwenye ganda, utoe foki pamoja na gia. Foki ikiwa na rola ndogo kwenye kidole chake, ihifadhi. Rola hizo hupenda kuviringika chini ya meza.

Beringi ya shafti ya chini

Kipimo ni 17 × 40 × 12 mm, yaani 6203. Iko kwenye shimo lisilotokea upande wa pili, hivyo huwezi kuigonga kwa nyuma. Pasha ganda hadi karibu 100 °C, kisha ligonge kifudifudi juu ya ubao; beringi inadondoka yenyewe. Ile mpya iweke kwenye friji usiku kucha, itaingia kwa kusukumwa na vidole.

Chaguo ni mbili: 6203 yenye keji imara, au ya rola, NJ203. Mimi nachagua rola, ila ina kazi ya ziada: haizuii shafti kwenda pembeni, kwa hiyo lazima upime mchezo, yaani nafasi ya shafti kusogea pembeni. Funga kava ya ndani na gasketi yake, sukuma na kuvuta shafti ya kiki. Mchezo uwe karibu 0.25 mm. Ukizidi, ongeza shimu (washa nyembamba). Ukiwa sifuri, shafti itabanwa injini ikipata moto.

Kupanga gia

Hapa ndipo watu wengi wanapofungua mara ya pili. Inua mkono wa kwadranti (kipande chenye meno kinachozungusha pleti ya kamu) hadi juu kabisa, kona yake ya mviringo iwe sambamba na stadi ya juu ya kava. Ingiza pleti ya kamu (sahani inayosogeza foki) namna kwamba kupitia uwazi wa kwadranti yaonekane meno mawili ya kwanza tu. Hiyo ni gia ya nne. Kabla ya kufunga kava ya nje, zungusha shafti kwa mkono huku ukipitisha gia zote.

Sproketi kaza kwa Nm 108, kitovu cha klachi Nm 95. Oili ni lita 0.42 ya SAE 90, au mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kipimo pikipiki ikiwa imesimama wima.

Maswali ya wanachama

*Fundi, kiki yangu inarudi nyuma yenyewe ninapovuta mafuta kwa nguvu. Springi imechoka?*

Simamisha pikipiki, usiendeshe tena. Mwisho wa shafti ya chini unazunguka ndani ya bushi ya shafti ya kiki. Beringi ya upande wa pili ikilegea, shafti inainama, inakaba bushi na kuiburuza kiki. Hiyo ndiyo dalili ya mwisho kabla ya kufunga.

*Lazima nishushe giaboksi yote?*

Hapana, ganda linaweza kubaki kwenye fremu. Ila hutaweza kuligonga kwenye ubao, kwa hiyo tafuta pula inayotanuka ndani ya beringi, na bado upashe moto.

*Nimefunga kila kitu, napata gia tatu tu.*

Pleti ya kamu imeruka jino moja. Rudi kwenye kwadranti, mkuu.

*Klachi inateleza ingawa pleti ni mpya, na zina oili.*

Oili inapita ndani ya shafti ya juu kwa kufuata fimbo ya klachi. Punguza kwanza oili ya giaboksi hadi kwenye kipimo. Pia kuna sili ndogo ya fimbo inayofungwa upande wa kava ya ndani. Osha pleti kwa petroli.

*Klachi ilikuwa safi, baada ya wiki haiachii kabisa. Kebo haijakatika.*

Funua kifuniko cha ukaguzi, ushike nati pete kwa mkono. Ikizunguka, imelegea, na hilo ndilo tatizo. Elekeza mkono wa klachi sambamba na kebo, safisha hesi, tia gundi ya nati na ukaze.