Jinsi ya Kujenga Tabia Moja ya Afya Isiyoishia Njiani

Kazi yangu ni kukaa na watu walioambiwa na daktari kwamba presha au sukari imeanza kupanda, tukatafuta namna ya kubadili mwenendo wao wa kila siku. Wengi huja na orodha ndefu: kukimbia alfajiri, kuacha soda, kulala mapema, kunywa maji zaidi, na yote yaanze Jumatatu. Huwa nawaomba wachague moja. Kila jambo jipya linataka ujilazimishe mpaka lizoeleke, na hakuna anayeweza kujilazimisha mambo manne kwa mpigo kwa muda mrefu.

Hatua ya 1: Chagua tendo

"Kupunguza uzito" ni matokeo, huwezi kusimama ukalifanya saa mbili usiku. "Kutembea baada ya chakula cha jioni" ni tendo. Jiulize: mtu aliye kando yangu angeniona nikilifanya? Kama hapana, bado hujafika.

Nitaendelea na mfano huo wa kutembea kwa sababu unawafaa wengi. Misuli ikifanya kazi baada ya mlo huvuta sukari kutoka kwenye damu, na kila dakika unayotembea kwa kukaza mwendo inahesabika katika zile 150 kwa wiki, ambazo ndizo kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima. Kama unatumia insulini au dawa nyingine za kushusha sukari, zungumza kwanza na daktari wako, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Hatua ya 2: Lifunge kwenye jambo unalolifanya tayari

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi na watu. Ukitegemea kengele ya simu, italia ukiwa katikati ya mazungumzo, utaizima, na habari itaishia hapo. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba watu wanaopanga kwa sentensi ya "likitokea hili, nitafanya lile" hutimiza malengo yao zaidi kuliko wanaobaki na nia tu.

Basi andika sentensi yako. Watu huanza na "nikimaliza kula, nitatembea." Imelegea. Kula kunaisha lini hasa? Kuna kukaa kidogo, kuna stori, kuna simu, kisha kochi. Iandike hivi: "Nikiweka sahani kwenye sinki, nitavaa viatu." Sahani ikishagusa sinki, hakuna ubishi kwamba wakati umefika. Na angalia kwamba nusu ya pili inataja viatu tu. Ukishavaa viatu, kutoka nje ni jepesi.

Kisha fanya mazoezi ya mfuatano huo mchana, bila hata kula. Chukua sahani tupu, iweke kwenye sinki, nenda mlangoni, vaa viatu, fungua mlango, rudi. Rudia mara kadhaa. Wengine huona haya mwanzoni, lakini naomba usiiruke sehemu hii. Mwili hujifunza kwa kurudia.

Hatua ya 3: Punguza mpaka uone ni kidogo mno

Anza na dakika tano. Siku uliyochoka kabisa, toka nje, fika kona ya kwanza, rudi. Hiyo nayo imehesabika, kwa sababu unachokijenga sasa ni ule mfuatano wa sahani, viatu na mlango. Umbali utakuja baadaye.

Hatua ya 4: Ondoa vikwazo mapema

Viatu vikae mlangoni, soksi zikiwa ndani yake. Usiviweke kabatini.

Hatua ya 5: Jipe muda wa kutosha

Usiamini ile habari kwamba tabia mpya huzoeleka kwa siku 21. Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London, UCL, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya, na utafiti wao ulichapishwa mwaka 2010. Kwa makadirio yao, tabia ilichukua kama siku 66 kuzoeleka, lakini tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa mno: kuanzia 18 hadi 254. Kwa hiyo ukifika mwezi wa pili na bado unajisukuma, uko sawa kabisa.

Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Ukikosa leo, usitembee mara mbili kesho ili kufidia, maana kufidia hugeuza matembezi kuwa adhabu. Subiri sahani ya kesho, uvae viatu.

Hatua ya 6: Ongeza pale tu mwili unapokutangulia

Utajikuta unafunga kamba za viatu kabla hujakumbuka kwamba ulipanga kutembea. Hiyo ndiyo ishara. Ongeza dakika kwanza, ziwe kumi, kisha kumi na tano. Tabia ya pili isubiri mpaka hizo nazo ziwe hazitaki ujilazimishe.