Jinsi ya kuichambua namba kubwa: mfano wa 15,425,592

Ukipewa namba kama 15,425,592 utaje sifa zake, usianze kugawanya ovyo. Nyingi ya sifa hizo (ina vigawo vingapi, jumla yake ni ngapi, kama ni kipeo cha pili) zinatokana na vigawo tasa. Ugumu uko katika kuivunja namba. Ikishavunjika, yaliyobaki ni kuzidisha tu.

Weka ukomo kwanza. Kipeuo cha pili cha namba hii kiko kati ya 3,927 na 3,928, na haiwezekani vigawo viwili vinavyozaa namba vyote vizidi kipeuo chake. Kwa hiyo ukijaribu namba tasa zote hadi 3,927 bila kupata kitu, namba ni tasa. Ila ukomo huo haudumu. Kila unapopata kigawo, gawanya hapo hapo, kisha tafuta ukomo mpya wa namba iliyobaki. Anayeshikilia ukomo wa mwanzo hadi mwisho hujichosha bure.

Anza na 2. Kwa kuwa 1,000 inagawanyika kwa 8, tazama tarakimu tatu za mwisho tu: 592 ni 8 × 74, basi namba nzima inagawanyika kwa 8. Kwa 16 tazama nne: 5,592 inaacha baki 8, kwa hiyo 2 imo mara tatu, si zaidi. Gawanya kwa 8, inabaki 1,928,199.

Jumla ya tarakimu za namba hiyo ni 39, inayogawanyika kwa 3 lakini si kwa 9. Basi 3 imo mara moja. Inabaki 642,733 na ukomo umeshuka hadi 801. Haiishii na 0 wala 5, kwa hiyo 5 iache.

Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayozipima zote kwa pamoja, nayo inastahili kukaririwa. Zao la 7 × 11 × 13 ni 1,001. Kata namba katika mafungu ya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa kupokezana. Hapa ni 733 − 642 = 91, yaani 7 × 13. Kwa hiyo 7 imo, 13 imo, 11 haimo. Hata namba ya mwanzo ingekuambia hivyo hivyo: 592 − 425 + 15 = 182, ambayo ni 2 × 7 × 13.

Gawanya kwa 7 upate 91,819. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanarukia 13 bila kuijaribu 7 tena. 819 − 91 = 728, nayo ni 7 × 104, kwa hiyo 7 bado ipo. Gawanya tena upate 13,117. Sasa 117 − 13 = 104, ambayo ni 8 × 13; 7 imekwisha, 13 imebaki. 13,117 ÷ 13 = 1,009.

Ukomo wa 1,009 ni 31 tu. Kwa mafungu, 9 − 1 = 8, basi 7, 11 na 13 hazimo. 17, 19, 23, 29 na 31 zinaacha baki 6, 2, 20, 23 na 17. 1,009 ni tasa, na kazi imeisha:

15,425,592 = 2³ × 3 × 7² × 13 × 1,009

Hakiki kabla ya kuendelea. Kupima kwa 9 peke yake hakutoshi, maana tarakimu zilizobadilishana nafasi hazibadilishi jumla. Tumia 11, inayonasa tarakimu jirani zilizopishana. Kutoka kulia: 2 − 9 + 5 − 5 + 2 − 4 + 5 − 1 = −5, ukiongeza 11 ni 6. Baki za 8, 3, 49, 13 na 1,009 ni 8, 3, 5, 2 na 8. Zao lake ni 1,920, nayo inaacha baki 6. Zinalingana.

Idadi ya vigawo: ongeza 1 kwa kila kipeo, kisha zidisha: 4 × 2 × 3 × 2 × 2 = 96. Usisahau vipeo visivyoandikwa, ambavyo ni 1.

Jumla ya vigawo: 15 × 4 × 57 × 14 × 1,010 = 48,358,800. Hiyo 57 ni 1 + 7 + 49. Anayeandika 8 × 8 anazihesabu zile 7 mbili kana kwamba ni namba tasa mbili tofauti. Ukiondoa namba yenyewe inabaki 32,933,208, kwa hiyo vigawo vyake vingine vinaizidi kwa zaidi ya mara mbili.

Si kipeo cha pili, na hilo lilionekana tangu mwanzo kwa kuwa inaishia na 2. Namba ndogo kabisa ya kuizidisha ili iwe kipeo cha pili ni 2 × 3 × 13 × 1,009 = 78,702. Wala haiandikiki kama jumla ya vipeo viwili vya pili: namba tasa inayoacha baki 3 ikigawanywa kwa 4 lazima iwe na kipeo shufwa. 7 inatimiza sharti hilo, 3 hailitimizi.

Ukitumia kompyuta, angalia namna inavyohifadhi namba. Programu zinazotumia desimali za biti 64 huhifadhi kila namba nzima kwa usahihi hadi 9,007,199,254,740,992 tu, yaani 2⁵³. Ukiongeza 1 hapo, jibu ni lile lile. Kuanzia hapo namba witiri haina pa kukaa, hugeuzwa kuwa shufwa jirani, na jaribio lako la kwanza kabisa, lile la 2, litakupa jibu la uongo. Chagua programu yenye namba nzima zisizo na kikomo, kama Python.