Taa imewaka kwenye dashibodi: hatua ninazofuata kabla ya kushika spana, na jinsi ya kupanga sevisi kwa barabara za Tabora

Mwezi wa nane mwalimu mmoja alileta IST yake gereji, hapa Isevya chini ya mwembe, akiwa na betri mpya kwenye siti ya nyuma. Taa nyekundu ya betri ilikuwa imewaka tangu jana yake, mtaani wakamwambia anunue betri, akanunua. Nikafungua boneti. Feni belti ilikuwa imepasukapasuka na imelegea, ukiibonyeza kwa kidole gumba inazama. Betri ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Belti mpya bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya betri, na ile betri dukani walikataa kuipokea tena.

Taa haikutaji kifaa kilichokufa. Inakwambia kipimo fulani kimetoka kwenye mstari wake: presha ya oili imeshuka, umeme hauingii, joto limepanda. Kwa nini? Hapo ndipo kazi inapoanza. Utahitaji kitambaa cheupe, tochi na mita ya umeme ya kawaida, ile wanayotumia mafundi redio.

Hatua ya 1: Washa swichi bila kupiga stata

Fanya hivi asubuhi, injini ikiwa baridi. Zungusha ufunguo hadi ON uishie hapo. Kwa gari la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Taa za oili (lile birika linalodondosha tone), betri, injini, ABS na airbag zote ziwake, na ya breki nayo kama hendibreki imevutwa. Gari linajikagua. Piga stata, na ndani ya sekunde chache zizimike, ila ya breki inayosubiri uachie hendibreki.

Taa isiyowaka kabisa hapo kwenye ON inanitia wasiwasi kuliko iliyogoma kuzimika. Kuna watu, hasa gari likiwa sokoni, huchomoa balbu au huunganisha waya wa taa moja na nyingine ili zizimike pamoja. Kwenye Toyota nyingi taa ya airbag huzimika yenyewe baada ya sekunde kama 6, hata kama hujapiga stata. Ukiona inasubiri mpaka injini iwake ndipo izimike sambamba na ya oili, ujue kuna mkono wa mtu umepita nyuma ya dashibodi. Kagua hilo kabla hujatoa hela ya gari la mkononi.

Na ile taa ya bluu yenye alama ya kipimajoto, kwenye magari madogo yasiyo na mshale wa joto? Hiyo inasema tu kwamba injini bado ni baridi. Kila mwezi ananijia mtu na hofu yake. Kama haizimiki hata baada ya kutoka mjini mpaka Igalula, hapo themostati (mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) huenda imeganda ikiwa wazi, na petroli itakuwa inaisha haraka.

Hatua ya 2: Soma rangi kabla ya picha

Nyekundu ni kusimama. Njano ni kufika unakokwenda kwa upole, kisha kuchunguza. Kijani na bluu ni taarifa.

Kuna njano moja inayohesabiwa kama nyekundu: taa ya injini inayopepesa, inawaka na kuzimika, huku gari linatetemeka. Silinda moja haichomi. Petroli mbichi inatoka nayo mpaka kwenye kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, ambacho mafundi tunakiita masega, inaungulia humo na kuyayeyusha. Tabora masega tunayajua kwa asali, lakini haya ukiyaua utalia. Ondoa mguu kwenye mafuta, egesha.

Hatua ya 3: Taa nyekundu, moja moja

*Oili.* Zima injini papo hapo, hata kama uko katikati ya pori la Ipole. Mzee mmoja wa Sikonge aliniambia, "Fundi, niliiona, lakini gari lilikuwa linakwenda vizuri tu." Linakwenda vizuri, ndiyo, kwa dakika chache ambazo beringi za krenki zinasagana chuma kwa chuma. Likianza kugonga, umeshachelewa.

Simamisha gari sehemu tambarare, ngoja dakika 5 hadi 10 oili ishuke, chomoa stiki, ifute kwa kitambaa, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena usome. Kama oili iko chini ya alama ya chini, ongeza mpaka ifike kati ya alama mbili, washa, tazama taa. Kisha tafuta ilikokwenda: inavuja au inaungua? Ikiwa taa huwaka ukikata kona au ukifunga breki kisha inazimika, mara nyingi ni hiyohiyo, oili ni kidogo, inayumba na pampu inanyonya hewa.

Stiki ikionyesha oili ipo ya kutosha na taa bado inawaka, usiwashe tena. Gari livutwe. Inawezekana ni sensa tu, kitu cha bei rahisi, lakini usiamini hivyo mpaka presha ipimwe kwa geji. Mimi hili nimelilipia. Miaka kadhaa nyuma nilibashiri sensa kwa jeuri ya uzoefu, nikaibadilisha bila kupima, nikamruhusu mteja aondoke. Siku ya pili injini ikanoki. Nusu ya gharama ilitoka mfukoni mwangu. Geji ya presha nilinunua wiki hiyohiyo.

*Joto.* Zima AC, fungua hita mwisho ikusaidie kutoa joto, tafuta kivuli usimame, zima injini. Mfuniko wa rejeta usiuguse kabla ya nusu saa. Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni presha inayoshikiliwa na ule mfuniko. Mpira wake ukichoka, gari linachemsha kwenye foleni ndogo tu ya sokoni, na watu wanaanza kukuambia silinda hedi imepinda. Anza na mfuniko, halafu mipira ya maji, halafu tazama kama feni ya rejeta inazunguka. Silinda hedi iwe ya mwisho.

Na weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Maji matupu ya kisima yanaacha magadi na kutu, mwisho njia za rejeta zinaziba.

*Betri.* Shika mita. Injini ikiwa imezimwa usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, ikiwa 12.2, imebaki kama nusu. Washa injini upime tena. Kati ya 13.5 na 14.5 altaneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, inachaji. Ikibaki 12 na kitu huku injini inaunguruma, betri haina kosa: angalia belti, waya na altaneta.

Sasa sikiliza hapa. Kwenye injini ya 1NZ, iliyomo kwenye IST, Vitz na Probox nyingi, feni belti hiyohiyo moja inazungusha altaneta na pampu ya maji. Ikikatika, dalili ya kwanza utakayoona ni taa ya betri. Ukijiambia "betri tu, nitafika Nzega", baada ya muda mfupi injini itachemsha kwa sababu maji hayazunguki. Ndiyo maana yule mwalimu nilimwambia ana bahati.

*Breki.* Kwanza hakikisha hendibreki imeshuka yote. Kisha fungua boneti utazame kikopo cha mafuta ya breki. Yakiwa yamepungua, usikimbilie kuongeza: pedi zikilika, pistoni zinasogea mbele na mafuta yanashuka kwenye kikopo. Kagua pedi na uvujaji kwenye matairi yote manne. Pedali ikizama mpaka chini, gari haliendi popote. Mafuta yawe yale yaliyoandikwa kwenye mfuniko, mara nyingi DOT 3, na usije ukatia oili ya injini humo, raba zote zitavimba.

Hatua ya 4: Njano ya injini, soma kodi kabla ya kununua kitu

Magari mengi ya Japani ya kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana soketi ya pini 16 chini ya usukani. Marekani waliifanya ya lazima tangu modeli za 1996, na wengine wakafuata. Kifaa kidogo cha Bluetooth kinachomekwa hapo na programu ya simu vinatosha kusoma kodi, yaani namba ya kosa iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari.

Kabla ya hapo, toka nje ukaze mfuniko wa tangi la mafuta. Sitanii: ukilegea, nao unaweza kuwasha taa hii.

Kodi nayo isomwe kama taa, ni mahali pa kuanzia. P0301 ni silinda ya kwanza haichomi. Hamisha koili (inayopeleka umeme kwenye plagi) ya silinda ya 1 uiweke kwenye ya 2, futa kodi, endesha kidogo. Ikigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mbaya. Ikibaki P0301, nenda kwenye plagi, kisha nozeli. Umepima bila kununua kitu.

P0171 naiona sana hapa kwetu, na inasema hewa ni nyingi mno kwa petroli inayoingia. Sababu inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, pampu ya mafuta iliyochoka, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi. Chomoa bomba linalotoka kwenye eya klina kwenda injini, pitisha kidole ndani yake, futa kidole kwenye kitambaa cheupe. Ukiona wekundu wa barabara yetu, eya klina yako inapitisha. Safisha sensa kwa dawa yake maalumu, siyo petroli na kitambaa, na weka eya klina mpya inayokaa vizuri kwenye kingo.

Kuchomoa tamino ya betri kunafuta kodi, kweli. Kosa linabaki, na wewe umempotezea fundi ushahidi.

ABS ya njano ikiwa peke yake, breki za kawaida zipo, ila tairi zinaweza kujifunga kwenye utelezi. Endesha taratibu.

Hatua ya 5: Kama ni dizeli

Mbili tu. Taa ya maji kwenye chujio la dizeli: legeza koki iliyo chini ya chujio, yamwage maji mpaka itoke dizeli safi, funga. Wanaonunua dizeli ya madumu njiani wanaijua vizuri taa hii. Ya pili ni T-BELT, kwenye Hiace na Land Cruiser za zamani. Hiyo haigundui ubovu. Ni saa tu inayohesabu kilomita, kwa kawaida kila 100,000, kukumbusha kubadili taiming belti. Belti ikibadilishwa, mwambie fundi airudishe sifuri mbele yako.

Hatua ya 6: Panga sevisi kwa maisha ya gari lako

Kitabu cha Toyota cha Japani kinasema, kwa injini nyingi za petroli zisizo na tabo, oili ibadilishwe kila kilomita 15,000 au mwaka, na nusu yake, yaani 7,500 au miezi 6, kwa matumizi magumu. Matumizi magumu ni vumbi, safari fupifupi, mzigo na kuunguruma muda mrefu gari limesimama. Hapo umeelezwa wewe na Tabora yako.

Stika ya kilomita 3,000 inayobandikwa kila gari bila kuuliza swali siikubali. Wala mtu anayeniambia oili yake ya bei mbaya inafika 10,000 kwenye vumbi la Mei hadi Oktoba. Mimi nasema 5,000 au miezi 6, kinachotangulia ndicho kinachotawala. Piga hesabu yako. Yule mwalimu wa IST anaendesha kilomita 12 kwa siku, siku 22 kwa mwezi: 264. Kwa miezi 6 ni 1,584 tu. Yeye afuate kalenda, kwa sababu injini yake haipati joto la kutosha na unyevu unabaki kwenye oili. Kijana wa Probox ya abiria anatembea 200 kwa siku, siku 26: 5,200. Huyo ni sevisi kila mwezi, hata akilalamika.

Filta ya oili ibadilishwe kila unapomwaga oili. Eya klina ikaguliwe kila 2,500 wakati wa kiangazi, na kwa pikapu zinazofuata tumbaku Urambo na Kaliua, kila wiki. Unaikung'uta, kisha unapuliza upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Ishikilie mbele ya tochi: mwanga usipopita, au ukiona kitundu, itupe. Mafuta ya breki kila miaka 2, kwa sababu yanavuta unyevu hewani. Feni belti iangaliwe kila sevisi. Dakika moja inatosha.

Siku ya sevisi rudisha tripu sifuri, andika kilomita na tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye plasta, ibandike ndani ya mlango wa dereva. Usiku egesha juu ya boksi lililokunjuliwa. Asubuhi, kabla ya kuwasha, livute ulitazame. Doa la kahawia chini ya filta, rudi kwa fundi palepale. Doa la maji matupu upande wa abiria ni AC, nenda kazini.